Yadi Tano na Robo

Machi 9

Mvua ya kwanza ya masika. Shangazi ameteleza kwenye ngazi ya nyuma akikimbilia kuanua nguo, na kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Amerudi kutoka hospitali na plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Alikaa kitini, akatutazama sisi wawili, mimi na Wifi, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akanisogezea mimi mkasi mkubwa.

"Utakata wewe," akasema. "Hesabu za lebo unaziweza?"

"Naziweza, Shangazi."

Naandika hapa ili angalau daftari lijue ukweli. Siziwezi.

Machi 10

Mvua kutwa. Kwa kuwa hakuna mteja, nieleze vizuri, maana nikija kulisoma hili uzeeni nitakuwa nimesahau nilivyokuwa mjinga.

Duka letu ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna meza ya kukatia, katikati cherehani tatu, nyuma rafu za majora ya kitambaa mpaka darini. Duka ni la Shangazi, dada yake marehemu baba, aliyenilea tangu nina miaka sita. Wifi ni mke wa kaka yangu. Kaka anaendesha malori, yuko nyumbani siku nne kwa mwezi, na siku zilizobaki mkewe anakuja kushona vifungo na pindo. Simpendi sana. Haongei, na anaona kila kitu.

Shangazi ana sheria yake ya masika. Unyevu ukiingia kwenye kitambaa chenye rangi, unaacha madoa yasiyotoka. Kwa hiyo mvua ikianza, kila jora linafungwa kwa karatasi ya kahawia, na juu yake inabandikwa lebo yenye urefu uliomo ndani. Mteja akija, tunakunjua kile anachotaka tu, tunakata, tunafunga upesi. Kinachobaki hakipimwi. Kinahesabiwa. Unatoa ulichokata, unaandika lebo mpya, na tangu hapo lebo ndiyo inayoaminiwa mpaka mvua iishe. Siku jua linaporudi, majora yote yanakunjuliwa mezani na kupimwa mbele ya kila mtu. Tunaiita siku ya kukunjua. Miaka yote nimeipenda siku ile kwa sababu chumba kinajaa rangi.

Sasa shida. Wateja wengine wanaagiza kwa robo, wengine kwa theluthi, na yule mshona makochi anaagiza kwa thumuni. Hesabu hizo zilifundishwa nikiwa darasa la tano. Wiki ile mafundi walikuwa wanapaka bati za jengo la jirani rangi ya buluu, nami nilikaa karibu na dirisha. Nakumbuka mwalimu akisema sehemu zenye asili tofauti, ile namba ya chini, hazitoani mpaka uzifananishe asili. Hapo nikageukia dirishani. Nilipogeuka tena, kipindi kilikuwa kimekwisha na bati zote zilikuwa buluu.

Machi 12

Nimekata kwa mara ya kwanza. Jora la khaki, lebo yadi 9 na robo tatu, mteja kachukua 4 na theluthi moja. Nilijificha nyuma ya rafu na penseli. Robo tatu ni 9/12, theluthi ni 4/12. Tisa toa nne, tano. Tisa toa nne tena, tano. Nikaandika 5 na 5/12. Mkono ulitetemeka kwenye penseli tu, kwenye mkasi haukutetemeka hata kidogo. Kukata naweza hata nimefumba macho.

Machi 15

Mvua.

Machi 16

Wifi ana tabia moja. Jioni kabla ya kufunga anapita kwenye rafu, anasoma lebo moja moja, midomo ikicheza. Anafanya hivyo tangu mimi nilipopewa mkasi. Kwa Shangazi hakuwahi. Nadhani anapeleka habari juu, kwenye chumba cha mgonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi kazi yetu ni nguo.

Machi 21

Leo amekuja nesi mkuu wa hospitali ya watoto, mwanamke mpole anayenukia dawa. Alitaka kitambaa cha buluu, si chochote, kile kile alichokiona dirishani mwaka jana. Yadi 2 na theluthi mbili.

Jora lile lina habari yake. Kiwanda kilicholitengeneza kimefungwa zamani. Rangi yake ni ya asubuhi kabla jua halijaamua kutoka, na nikiwa mdogo nilikuwa nalala mchana nikiegemeza kichwa kwenye jora lile. Zimebaki yadi 5 na robo duniani kote, na yadi tatu kati ya hizo ni gauni la harusi la Kidoti, binti pekee wa Shangazi, karani wa posta, anayeolewa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Shangazi aliniambia waziwazi: "Tatu za Kidoti usiziguse. Kinachozidi uza."

Nikaenda nyuma ya rafu. Robo ni 3/12. Theluthi mbili ni 8/12. Nane na tatu, tofauti yake tano. Tano toa mbili, tatu. Jibu 3 na 5/12. Zaidi ya tatu. Nilifurahi, maana nesi alikuwa amesimama anakigusa kitambaa kwa kidole kimoja.

Nilikuwa nimekwisha fungua mkasi Wifi aliposema kutoka kwenye vifungo vyake, "Wifi, hebu irudie hiyo."

"Vifungo vyako vimekwisha?" nikamjibu.

Akainamisha kichwa. Nikakata. Mkasi ulipita kwenye buluu ile kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi usingizini.

Machi 22

Mvua. Wifi hajanisemesha. Raha tupu.

Machi 29

Nimeota majora yamesimama foleni, kila moja limeshika lebo yake kifuani kama mwanafunzi siku ya matokeo. Lile la buluu lilikuwa la mwisho na lilikuwa halinitazami.

Aprili 3

Shangazi amelalamika plasta inamwasha. Ameomba sindano ya kufumia ajikune. Nimempa. Aliniuliza kazi inaendaje, nikasema inaenda. Alinitazama kwa mapenzi kiasi kwamba nilitoka mbio eti pasi inaunguza nguo.

Aprili 8

Mteja wa makoti kaja kutaka bitana nyeupe, yadi mbili. Lebo yangu ilisema 2 na 1/6. Bitana haina rangi ya kuharibika, nikaikunjua yote mbele yake kwa madaha, nikapima yadi ya kwanza, nikapima ya pili, na fimbo ya yadi ikapita mwisho wa kitambaa. Inchi sita nzima zilikuwa juu ya meza tupu. Mteja akacheka akasema labda panya wa siku hizi wanakula kwa rula. Akaondoka bila kununua.

Mimi sikucheka. Kitambaa hakitembei. Kuna mtu kakata. Nimeketi hapa kitandani saa kumi na moja jioni, mvua inapiga bati, na jina la mtu huyo ninalo.

Aprili 9

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi nilimngoja Wifi mlangoni. Hata mwavuli hajakunja nikamwambia, "Wifi, bitana imepungua. Kama unahitaji kitambaa nyumbani kwako, si useme tu?"

Alikunja mwavuli taratibu. Akautundika. Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, na nikaona kwamba si mvua yote.

"Nionyeshe hesabu," akasema.

"Hesabu gani?"

"Ya bitana. Ulianza na ngapi?"

Kwa hasira nikamletea karatasi. Nilikuwa na yadi 3 na nusu, nikauza 1 na theluthi mbili, zikabaki 2 na sudusi moja. Aliisoma. Kisha akafanya kitu cha ajabu. Alichukua fimbo ya yadi, akailaza mezani, akaweka juu yake vidole vyake vinne vilivyobanana, kile cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho. Akavisogeza hatua kwa hatua mpaka mwisho wa fimbo, akihesabu. Kumi na mbili.

"Baba yangu alikuwa seremala," akasema. "Hii ndiyo ile asili ya kumi na mbili. Vidole vinne, mara kumi na mbili, yadi. Nusu yako ni vidole mara ngapi?"

"Sita."

"Theluthi mbili?"

"Nane."

"Haya. Jora lina sita. Mteja anataka nane. Ulifanyaje?"

"Nilitoa sita kwenye nane. Zikabaki mbili."

"Nane ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Kwa nini ulimpunguza mteja, Wifi? Mteja hatoi kitambaa. Yeye anachukua. Jora ndilo linalopungua."

 Kulikuwa na mvua, na harufu ya chaki, na nilijisikia nimerudi darasa la tano, nimegeuka kutoka dirishani kwa kuchelewa miaka ishirini na tatu, na mwalimu bado yuko ubaoni ananisubiri.

"Lakini sita haitoi nane," nikasema.

"Haitoi. Kwa hiyo unaiendea yadi nzima. Una tatu zimekaa pale, zimejikunja, hazifanyi kitu. Chukua moja uivunje."

"Niivunje vipi?"

"Vidole mara kumi na mbili. Zilikuwa tatu, sasa ni mbili. Vidole vilikuwa mara sita, sasa ni mara kumi na nane. Mteja anachukua nane."

"Kumi," nikasema. "Na yadi mbili toa moja, moja. Moja na kumi za kumi na mbili."

"Ambayo ni?"

"Moja na tano za sita." Na hapo nikaona kwa macho yangu fimbo ikipita mwisho wa bitana jana, inchi sita, sudusi moja kamili. Hakuna aliyekata. Kile kitambaa hakijawahi kuwa mbili na sudusi. Kilikuwa mbili na sudusi kichwani mwangu tu.

Nilimwomba msamaha. Nilitaka kusema maneno mazuri, yakatoka mabovu. Akasema, "Mimi nilidhani unajua, unafanya haraka tu. Ndiyo maana nilikuwa nazipitia jioni. Nilishindwa kukuuliza mara ya pili, ulivyonijibu ile siku ya nesi."

Siku ya nesi.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Robo ni tatu. Theluthi mbili ni nane. Nilitoa sehemu ya jora kwenye ya nesi. Nikachukua penseli, nikavunja yadi moja ya jora la buluu. Tano ikawa nne. Vidole vikawa mara kumi na tano. Toa nane, saba. Nne toa mbili, mbili.

Mbili na saba za kumi na mbili.

Kidoti anahitaji tatu. Pungufu ni vidole vinne mara tano, inchi kumi na tano. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyesikiliza sauti ya mkasi nikaiona tamu. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliandika hivyo mwezi uliopita nikimsema mwingine.

Aprili 10

Tumepitia lebo zote, mimi na Wifi, mlango umefungwa. Kati ya kumi na moja, sita ni uongo. Kila mahali sehemu ya mteja ilipozidi ya jora, niligeuza. Nimeziandika upya sita zote. Niliuliza, tulifungue jora la buluu tulipime, huenda liliongezeka? Wifi akaangalia nje, ukuta wa jirani ulikuwa unatoa maji. "Tukilifungua leo tutampa Kidoti gauni la madoa," akasema.

Aprili 11

Nilikwenda hospitali ya watoto nikiwa na wazo la kuomba kitambaa kirudi. Nesi hakuwepo. Mhudumu akaniruhusu nichungulie wodini. Mapazia yalikuwa yamekwisha shonwa, yamezunguka vitanda viwili vya mwisho, na mwanga ulikuwa unapita ndani yake. Mtoto mmoja alikuwa amelala na uso wake wote ulikuwa buluu. Nilirudi nyumbani bila kumwomba mtu kitu.

Aprili 13

Mficha uchi hazai. Nimepanda ngazi kwa Shangazi. Alikuwa anachana nywele kwa mkono wa kushoto, vibaya, nikachukua kitana nikamchana mimi. Ni rahisi kusema ukiwa nyuma ya mtu.

"Shangazi, jora la buluu halina yadi tatu. Lina mbili na saba za kumi na mbili."

Kichwa hakikugeuka.

"Lilikuwa na tano na robo," akasema.

"Nilimuuzia nesi nyingi. Hesabu nilisema naijua, kumbe siijui."

"Tangu lini hujui?"

"Tangu darasa la tano."

Nje mvua ilikuwa inapungua, inajuta, inaongezeka tena. Nilimaliza kumchana. Nikaanza upya upande ule ule.

"Mgongo wa gauni la Kidoti ni kipande kimoja," akasema. "Unajua hilo."

Najua. Mji mzima unajua. Mafundi wengine wanaunga mgongo wa bibi harusi kwa mshono wa katikati ili kuokoa kitambaa. Shangazi hajawahi. Watu hulitambua gauni lake harusini kwa mgongo tu, mzima kuanzia shingoni mpaka sakafuni, na ndiyo sababu yadi ni tatu.

"Hautatosha," nikasema.

"Lebo iliyokuwa pale ilikuwa uongo. Iliyopo sasa nitajuaje kama si uongo mwingine? Siku ya kukunjua jora lenyewe litasema. Mpaka siku hiyo usikate chochote cha buluu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha.

Aprili 14

Mvua.

Aprili 15

Mvua. Kidoti kapita akitoka posta, akaimba kidogo, akala biskuti zetu. Hajui. Nimeshindwa kukitazama kile kidoti chake cha shavuni.

Aprili 20

Nimeanza jambo. Saa ya mchana tunapofunga mlango kula, nachora kwa chaki nyuma ya rafu umbo la kitambaa: yadi mbili na saba za kumi na mbili kwa upana wa jora. Kisha natandaza ndani yake vipande vya gazeti, gauni la Kidoti lote. Kifua, mbele ya sketi pande mbili, mikono, mgongo. Leo mikono yote miwili ilibaki nje ya chaki.

Aprili 21

Mkono mmoja nje.

Aprili 22

Mikono ndani, mbele ya sketi nje.

Aprili 24

Wifi kaniletea chakula nyuma ya rafu. Alikaa sakafuni na kula nami, miguu yetu ndani ya jora la chaki. Aliniambia kwamba kaka akiwa safarini yeye huhesabu siku kwa sehemu: kama safari ni siku ishirini na nane, ikipita wiki anasema robo imekatwa. Siku moja kaka alichelewa kwa siku tano na hesabu yote ikavurugika, akalia. Nikafikiri, mwanamke huyu nimeishi naye miaka minane na nilimjua kwa vifungo tu.

Aprili 30

Mvua kubwa. Jora la chaki limefutika kwa maji yaliyopita chini ya mlango. Nimechora tena.

Mei 4

Mgongo nje. Daima mgongo. Vingine vyote vinakubali kukaa, vinageuka, vinapeana nafasi, kimoja kinaingiza bega kwenye kiuno cha mwenzake. Mgongo ni mzima na mkubwa na haupindiki.

Mei 7

Plasta imetolewa. Mkono wa Shangazi umekonda kama wa mtoto. Anafinyafinya donge la nta kuupa nguvu. Tunaongea mambo ya kawaida. Jina la rangi ile hatulitaji.

Mei 11

Nimesinzia mchana juu ya magazeti. Sikuwa nimelala hasa, maana mvua nilikuwa naisikia. Nikaona vipande vinaelea kidogo kutoka sakafuni, kama majani kwenye ndoo ya maji, vinatafutana mahali. Kila kimoja kilipata nafasi isipokuwa mgongo, nao ukawa unazunguka pembeni. Halafu nikasikia sauti ya Wifi, ile ya siku ya bitana: una moja nzima imekaa pale haifanyi kitu.

Niliamka nikavunja mgongo. Nililipasua lile gazeti katikati kwa mikono, kuanzia shingoni mpaka chini. Nusu moja ikaingia karibu na mkono wa kulia. Nyingine niliigeuza kichwa chini miguu juu, nikaongeza upana wa kidole kwa ajili ya mshono, ikaingia kati ya mbele na kifua. Hakikubaki kitu nje ya chaki.

Nikamwita Wifi. Aliuzunguka mstari wote wa chaki.

"Inatosha," akasema. Kisha, "Shangazi hatakubali."

"Najua."

Mei 12

Mvua nyepesi. Nimelikunja gauni la gazeti na kuliweka chini ya mto.

Mei 19

Leo haijanyesha.

Mei 20

Wala leo.

Mei 23

Siku ya kukunjua.

Jua liliingia dukani mpaka kwenye rafu ya nyuma. Shangazi alishuka amevaa vizuri. Kidoti aliomba ruhusa posta, kwa kuwa alijua gauni lake lingekatwa leo, na jana Shangazi alimweleza mwenyewe yaliyotokea. Alipoingia alinikumbatia, nami nilikuwa nimejiandaa kwa mambo yote isipokuwa hilo.

Wifi alisoma lebo, mimi nilikunjua, Shangazi akapima kwa mkono wake ule mwembamba. Khaki, sawa. Ya makochi, 3 na 13/24, sawa mpaka kwenye uzi. Moja baada ya nyingine lebo zilikuwa kweli, na rangi zilijaa mezani na juu ya viti. Kila Shangazi aliposema "sawa," nilizidi kukunjua polepole. Maana nilikuwa nimebakiwa na ombi moja, na ni ombi la aibu. Mimi, niliyeishi miaka thelathini na minne bila kupata jibu sahihi hata moja la sehemu, nilikuwa naomba hili moja liwe kosa.

Jora la buluu lilikuwa la mwisho, kama kwenye ndoto. Nikavua karatasi ya kahawia. Lilikuwa zuri, halina doa.

Yadi moja, Shangazi akahesabu. Yadi mbili. Kisha akaiweka fimbo pembeni, akabananisha vidole vyake vinne. Sikujua kama na yeye anaijua njia ile, nikamtazama Wifi, naye akainamisha macho. Alikuwa amemfundisha huko juu, jioni. Moja, mbili, tatu. Nne. Tano. Sita. Saba.

Kidole cha nje kilisimama kwenye ukingo wa kitambaa, hakikuzidi, hakikupungua.

Nililia. Nililia kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi.

"Lebo hii nani aliandika?" Shangazi akauliza.

"Mimi."

"Ni ya kweli," akasema. Aliketi. "Sasa tufanyeje?"

Nikatoa gauni la gazeti kutoka kwenye mfuko, nikalitandaza juu ya buluu kipande kwa kipande. Shangazi alifuata mikono yangu bila kupepesa. Nilipoweka nusu ya kwanza ya mgongo alishika ukingo wa meza. Nilipoweka ya pili, kichwa chini, akafumba macho.

"Wanawake mia na kitu," akasema. "Wote nimewakatia mgongo mzima. Uje wa mwanangu ndio uwe na mshono?"

Kidoti alikuwa ameketi kwenye rundo la khaki anatafuna biskuti. "Mama, mgongo wangu mimi siuoni. Watakaouona ni waliokaa nyuma, na waliokaa nyuma wamefuata chakula."

Hakuna aliyecheka, kisha Wifi akacheka. Sijawahi kumsikia. Ni kicheko kinene, cha mtu mkubwa kuliko yeye. Shangazi alimgeukia kama aliyeshtuliwa, na mdomo wake mwenyewe ukaanza kumsaliti pembeni.

Alinyanyua mkasi. Nilidhani atakata mwenyewe, kwa mkono ule mbovu, na nilikuwa tayari kuona hivyo. Aliupima uzito wake kidogo. Akanigeuzia mpini.

"Vunja," akasema.

Mei 24

Mkono haukutetemeka.

Juni 6

Harusi. Anga ilikuwa wazi tangu asubuhi.

Kidoti alitangulia na sisi tukafuata nyuma. Watu mia mbili walimtazama usoni, na walikuwa na haki, kwa kuwa alikuwa anang'aa. Watatu tulimtazama mgongo. Mshono ulishuka wima kutoka shingoni mpaka chini, na alipotembea nusu mbili zile zilikuwa zinapokea mwanga kwa zamu, moja kisha nyingine, kitu ambacho mgongo mzima haufanyi. Shangazi alitembea akiutazama njia nzima. Tulipofika mlangoni aliniegemea begani na kusema kwamba mwakani huenda akawauliza wateja kama wangependa hivyo. Nilijifanya sijasikia vizuri ili arudie, akanifinya.

Jioni tulipita dukani kuchukua viti vya ziada. Kiini cha jora la buluu, lile bomba la karatasi ngumu, bado kilikuwa kwenye rafu na lebo yake. Sheria ni sheria. Nikachukua penseli. Mbili na saba za kumi na mbili, toa mbili na saba za kumi na mbili. Nikaandika jibu, nikabandika lebo mahali pake.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kiti kila mkono. Alipita mbele ya rafu ile, akazima taa, lebo hakuisoma.